Uzoefu wangu wa kozi ya theolojia ya jioni: swali la mwinjilisti lililochekwa darasani

Nimesubiri hasira ipoe kabla ya kuandika haya, na haijapoa. Nilisoma stashahada ya theolojia kwa masomo ya jioni katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na kwa kuwa washarika wenzangu hawaachi kuniuliza kama nao wajiunge, jibu langu la kwanza ni hapana. Habari za ada, majengo na ratiba siziandiki, kwa sababu anayezihitaji atazipata ofisini kwao. Ninachotaka kieleweke ni jambo lililotokea jioni moja ya masika katika somo la Agano Jipya.

Mhadhiri alikuwa akifundisha mwisho wa Injili ya Marko. Alieleza, na katika hili alieleza vizuri, kwamba Sinaiticus na Vaticanus, nakala mbili mashuhuri za Kigiriki za karne ya 4, zinakomea sura ya 16 mstari wa 8, pale wanawake wanapokimbia kutoka kaburini kwa hofu bila kumwambia mtu neno, na kwamba wataalamu wengi wanaona mstari wa 9 hadi wa 20 uliongezwa baadaye na mkono mwingine. Darasa zima lilinyamaza. Habari hii si ndogo kwa mtu aliyeipokea Biblia mikononi mwa wazazi wake na kuisoma yote kwa imani moja.

Ndipo akasimama mwenzetu mmoja, mwinjilisti anayeongoza mtaa huko Mbagala, mtu mzima ambaye ada yake ilikuwa ikichangwa kidogo kidogo na waumini wake, na ambaye alifika darasani kila jioni baada ya kazi na baada ya foleni ya Barabara ya Kilwa. Aliuliza kwa heshima zote: "Mwalimu, kila Jumapili baada ya ibada wagonjwa hupanga mstari mbele yangu, nami huwawekea mikono nikiwasomea mstari wa 18. Jumapili hii niwaambie nini?"

Mhadhiri alicheka. Akamjibu, "Mzee wangu, hapa si shule ya Jumapili. Hayo kaulizane na wazee wako wa kanisa." Wanafunzi kadhaa wakacheka pamoja naye, na somo likaendelea kana kwamba hakuna aliyeuliza kitu.

Sijapata kusikia, katika muda wote niliokaa chuoni hapo, swali lenye uzito kuliko lile. Tulikwenda kujiandaa kwa ajili ya watu wale wale wanaopanga mstari Mbagala, wala sijui theolojia ina kazi gani nyingine ya haraka kuliko hiyo. Linaloniumiza zaidi ni kwamba swali lilikuwa na jibu, na jibu lenyewe lisingemaliza hata dakika tano za kipindi.

Jibu hilo nililipata baadaye kwa mwalimu wetu wa mahubiri, mchungaji mstaafu, nilipompelekea swali lile lile. Alinieleza kwamba Irenaeus, askofu wa Lyon, alikwisha kunukuu mstari wa 19 kwenye miaka ya 180, kwa hiyo maneno hayo, awe aliyaandika Marko au asiwe yeye, Kanisa limeyasoma tangu karne ya 2. Akaongeza kwamba kuwawekea wagonjwa mikono hakutegemei mstari huo peke yake: katika Matendo 28:8 Paulo anamwekea mikono baba yake Publio kisiwani Malta naye anapona, na Yakobo 5:14 inaagiza wazee wa kanisa waitwe wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Mwinjilisti angeondoka na vifungu viwili imara na dhamiri tulivu, naye angewahubiria watu wake bila kuwaficha lolote.

Kwa ajili ya mwalimu huyu nalazimika kulegeza jibu langu. Kila tulipofanya mahubiri ya mazoezi alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza, kisha akauliza mama aliyefiwa wiki hii angepata nini humo, na kwa swali hilo moja alinifundisha kuandaa mahubiri kuliko vitabu vyote vya maktaba yao. Kama angefundisha yeye masomo yote, ningewaambia mjiandikishe kesho asubuhi. Hata somo la nakala za kale lenyewe lina manufaa makubwa, na sikubaliani na wanaosema lisifundishwe, maana mchungaji asiyeyajua haya atayakuta kwa vijana wake kwenye simu zao.

Lakini mwinjilisti yule hakurudi. Aliacha kuja muda mfupi baada ya jioni ile, na nilipokwenda kwa mlezi wa wanafunzi nikaambiwa kwamba mhadhiri ni msomi mkubwa na kwamba mtu mzima hapaswi kususa masomo kwa sababu ya kicheko. Waumini waliochanga shilingi zao walipewa maelezo gani? Nikilikumbuka jibu hilo la ofisini, kulegeza kwangu kote nakufuta: msijiunge, walau hadi chuo kitakapompigia simu mwinjilisti yule, kimwombe radhi na kumrudisha darasani bila kumtoza tena ada aliyokwisha kulipa.