Sato wa kuchoma: mvinyo wa Dodoma au wiski ya Islay?

Sato akitoka jikoni pale Kirumba, Mwanza, ngozi imebabuka, ndimu na pilipili pembeni, mimi naagiza mvinyo mweupe wa Dodoma. Ule mkavu wa zabibu za Chenin Blanc, tena uliopoa kisawasawa. Uchachu wake ni ndugu na wa ndimu: unakata mafuta ya samaki, na baada ya funda moja mdomo unatamani tonge jingine. Dodoma ni kukame, lakini mzabibu wake huvunwa mara 2 kwa mwaka, ilhali ule wa Ufaransa huvunwa mara 1. Mvinyo mwekundu wa Makutupora, huko huko Dodoma, ni mzito mno kwa sato. Huo uwekee mbuzi.

Wiski ya Islay, kisiwa cha Uskoti, ni habari nyingine. Mara nyingi shayiri iliyochipushwa hukaushwa kwa moshi wa mboji, yaani mabaki ya mimea iliyooza, iliyokatwa kwenye vinamasi, kisha wiski hulala kwenye mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua 3. Inusie kwenye glasi: moshi, chumvi, na harufu kama ya dawa ya kidonda. Aliyekulia Ukerewe kando ya tanuri la kubanikia sangara ataufahamu moshi ule mara moja. Shida ni kilevi chake, asilimia 40 au zaidi. Sato laini anafunikwa kabisa, husikii ladha yake. Tia maji kidogo harufu ifunguke, unywe na sangara wa moshi. Hapo mvinyo wangu mweupe hauoni ndani.