Ruta iko sebuleni kwangu, funguo wanazo wao

Nianze na la haki: intaneti ya hawa jamaa, kampuni iliyoniunganishia nyumbani, ina kasi. Hapo sina neno. Kazi za wateja zinapanda mtandaoni huku watoto wanaangalia katuni na hakuna kinachoganda. Mngeniuliza kabla hawajanibadilishia ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti na waifai nyumbani, ningewapa nyota nne.

Mimi nashuti na kuhariri video za harusi, sendofu na kicheni pati, na kazi yote inafanyikia nyumbani, Tabata. Kompyuta ya mezani ndiyo ghala. Mdogo wangu anakata vipande kwenye laptopu chumba cha pili. Harusi moja ya kamera tatu inakula gigabaiti mia na kitu, kwa hiyo habari ya kuhamisha kwa flashi hatunayo; folda iko wazi kwenye ghala, yeye anavuta kupitia waifai ya ndani. Tumefanya hivyo miaka. Siku walipokuja na ruta mpya, wakasema ni maboresho na hatulipii, kompyuta zikaacha kuonana. Kila moja ina intaneti safi kabisa, ila hakuna inayoiona mwenzake. Printa ya waifai nayo ikapotea hewani.

Nikapiga huduma kwa wateja. "Mteja wetu, zima ruta, subiri kidogo, washa." Nikazima, nikawasha. Nikapiga tena, akapokea mwingine, akaniambia nitengeneze HomeGroup, ile njia ya zamani ya Windows ya kushirikisha mafaili nyumbani. HomeGroup! Kitu ambacho Microsoft walishakiondoa kwenye Windows 10 tangu 2018. Mtu amekaa kwenye kiti cha kusaidia wateja anasoma karatasi ya zamani, na nikimwambia hicho kitu hakipo ananijibu nitafute vizuri.

Kabla ya kuwapigia nilikuwa nimeshapita njia zote ambazo mtu anatakiwa kupita. Waifai ikiwa na jina jipya, Windows huichukulia kama ya hadharani na kuificha kompyuta yako, kwa hiyo nilizibadilisha zote mbili ziitambue kuwa ya nyumbani. Nikaangalia anwani za kompyuta kwenye mtandao: zote zinaanza na 192.168.1, maana yake ziko mtandao mmoja. Nikaipiga ping laptopu kutoka kwenye ghala, yaani kuibishia hodi kuona kama itaitika, jibu likaja kwamba haifikiki. Jibu hilo lina maana yake. Ingekuwa ulinzi wa Windows ndio unakataa, ningeambiwa muda umeisha. Kompyuta iko mtandao uleule, imewaka, ina intaneti, halafu haifikiki? Hapo kuna kitu katikati kinazuia. Mwisho nikachukua waya mbili, nikazichomeka zote kwenye ruta yao. Zikaonana papo hapo. Nikachomoa, nikarudi kwenye waifai, zikapotezana. Ushahidi gani mwingine mtu anataka?

Ndipo akaja fundi wao. Hakukaa, macho kwenye simu. Akafungua YouTube kwenye laptopu, ikacheza, akaniambia, "Bosi, intaneti si hii hapa?" Nikamweleza taratibu kwamba tatizo si intaneti. Nikamfanyia lile jaribio la waya mbele ya macho yake, kompyuta zikaonana. Akacheka. "Sasa si zimeonana? Basi tumia waya."

Nilimwangalia nikakosa la kusema. Laptopu iko chumba kingine, printa haina hata tundu la waya. Nikamwambia basi nipe neno la siri la ruta niingie mwenyewe, kwa sababu lile lililobandikwa chini yake halikubali, wamelibadilisha. Nina uhakika tatizo ni kile kipengele kinachoitwa AP Isolation, kinachozuia vifaa vya waifai visiongee vyenyewe kwa vyenyewe. Hotelini kina maana, watu hawajuani. Nyumbani kwangu mgeni ni nani? Akanijibu bila kuniangalia: "Hilo neno la siri ni la kampuni. Haya mambo yako ni ya ofisi, chukua kifurushi cha biashara." Akabeba begi lake akaondoka.

Ruta iko kwangu, umeme nalipia mimi, waifai inapita kwenye kuta zangu, halafu mtu ananifungia mlango wa chumbani na kuniuzia ufunguo. Hapo ndipo nyota zilipoanza kudondoka.

Lakini haki ni haki. Usiku mmoja nilipiga tena kwa hasira, akapokea dada mmoja. Nikamwambia maneno mawili tu: ondoa aisolesheni. Hakuniuliza maswali ya karatasi. "Subiri kaka, naingia kwenye ruta yako kutoka huku... Nimetoa tiki. Jaribu." Folda ikafunguka hata kabla hajamaliza sentensi. Kumbe ni tiki! Wiki nzima nimechelewesha harusi ya watu, mdogo wangu anabeba diski kutoka chumba hadi chumba, kwa tiki moja ambayo fundi aliyesimama sebuleni kwangu alishindwa hata kumpigia mwenzake simu aiondoe. Nilimshukuru yule dada kwa moyo wote, na nikakaa kuandika maoni mazuri.

Sikuyatuma. Haukupita muda mrefu, ruta ikajizima na kujiwasha yenyewe usiku, asubuhi kompyuta hazionani tena. Mipangilio yao inashuka kutoka makao makuu na kufuta kila kitu.

Sasa nimenunua ruta yangu Kariakoo. Kwa mwenye shida kama yangu: waya unaotoka kwenye ruta ya kampuni uchomeke kwenye ruta yako, tundu la kawaida la LAN, yaani la vifaa vya ndani, usiuchomeke kwenye lile la WAN la kupokea intaneti kutoka nje, na kwenye ruta yako hiyo uzime ugawaji wa anwani. Ukichomeka WAN utazaa mtandao wa pili, utakuta huku 192.168.1 na kule 192.168.0, na waliobaki upande wa kwanza hawatawaona wa upande wa pili. Kisha vifaa vyote viunge kwenye waifai yako, viongee humo humo bila kupita kwenye waifai yao.

Kwa mtu wa simu na televisheni, wachukue, atafurahi. Mwenye kompyuta mbili na printa awaulize kabla hajasaini: neno la siri la ruta nitapewa? Nilitaka kuwapa nyota tatu, moja ikiwa ya yule dada. Nikikumbuka "basi tumia waya", nawapa moja. Juzi wamenitumia ujumbe wanataka nipime huduma yao kwa tarakimu. Nimewajibu kwa kuomba neno la siri kwa maandishi, na bado nalisubiri.