Popo wa Kidike nimewaridhia, mashua ya kuona nyasi bahari bado

Nilikuwa na siku moja tu Pemba: asubuhi baharini, jioni kwa popo. Naanza na jioni.

Gari ya Chake–Wete ilinishusha barabara kuu, bodaboda ikanifikisha Kidike saa kumi na nusu. Kijana wa kijijini aliyenitembeza alisema kwa sauti ya chini muda wote, na alinisimamisha mbali na miti kabla sijauliza. Popo wa Pemba haishi pengine popote duniani. Manyoya yake ni kahawia yenye wekundu, uso kama wa mbweha, na mbawa akizikunjua zinafika kama mita 1.6. Walining'inia wakijipepea kwa joto. Jua lilipozama wakaruka kwenda kutafuta maembe na mashelisheli. Zamani waliwindwa kwa bunduki kwa ajili ya kitoweo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa elfu chache, na makadirio yaliyochapishwa 2010 yakafika kama 20,000. Wanakijiji wenyewe ndio walinzi. Nyota tano, na wanangu nitawaleta.

Sasa asubuhi. Nilikodi mashua, nahodha simtaji, nikaone nyasi bahari. Mimi ni binti wa mvuvi wa madema. Tasi waliotulea walikulia kwenye nyasi hizo. Nahodha akatia nanga katikati yake. Alipoivuta ikapanda na fungu zima, mizizi na matope. Nikamwambia, akanijibu, "Majani tu hayo, dada." Nilinyamaza, lakini moyo uliniuma hadi tunafika pwani.

Kwenye orodha nyekundu ya IUCN, yaani orodha ya shirika la kimataifa la uhifadhi inayopima viumbe kwa hatari ya kutoweka, nyasi bahari iitwayo Zostera capensis, ile ya majani membamba inayoota kuanzia pwani yetu hadi Afrika Kusini, iko daraja moja na popo wa Pemba. Sisemi nanga ile iling'oa Zostera. Nasema nahodha hakuangalia anang'oa nini. Popo wana watu wa kuwasemea. Nyasi, pale tulipokwenda, hazikuwa na hata boya la kufungia mashua.

Safari ile naipa nyota mbili, zote za maji masafi na wakati mzuri wa kuondoka. Anayetaka kuona nyasi asubiri bamvua, maji yakitoka atembee kando kando kwa miguu. Na nahodha yeyote atakayeweka boya, mimi nampa kiingilio kile kile nilicholipa Kidike.