Saa ilikuwa inanionea: nilivyoachana na 220 toa umri

Nina miaka 44. Nakimbia asubuhi mara nne kwa wiki, kutoka Masaki hadi Daraja la Tanzanite na kurudi, na saa yangu ya mazoezi ninayo huu mwezi wa nane. Jina la kampuni naliacha, maana haya nimeyaona hata kwenye saa za wenzangu za kampuni nyingine. Miezi mitatu ya mwanzo saa hii ilinifanya nijione mgonjwa.

Kila nikimaliza mbio zangu za pole, skrini ilikuwa rangi ya chungwa: zoni ya 4, pumzika saa 48. (Zoni ni ngazi za ugumu wa mazoezi, ambazo saa huzipanga kwa asilimia ya mapigo ya moyo ya juu kabisa inayodhani unaweza kufikia.) Nikawa natii. Nikaanza kutembea pale nilipozoea kukimbia, ili tu rangi irudi kijani. Asubuhi moja kijana anayetuongoza kwenye kikundi akanikuta darajani natembea huku nimekodolea mkono.

"Dada, vipi, umeumia?"

"Hapana, niko zoni ya 4."

"Zoni ya 4 na umenisimulia harusi nzima ya jana bila kuhema? Hebu lete hiyo saa."

Akaingia kwenye mipangilio. Mapigo ya moyo ya juu kabisa, kwa dakika: 176. Akaniuliza nilipima wapi. Sikupima popote! Saa ilichukua mwaka wangu wa kuzaliwa, ikatoa umri kwenye 220, kazi ikaisha. Kanuni hiyo ni ya tangu miaka ya 1970 kule Marekani. Ipo na ya mwaka 2001, 208 toa umri mara 0.7, ambayo kwangu inaleta 177, kwa hiyo hata ningebadilisha kanuni nisingeokoka. Zote mbili ni wastani wa watu wengi, na watu wa rika moja wanaweza kupishana mapigo 10 na zaidi, juu au chini.

Nikaamua kupima. Kwanza nilicheki presha na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), na mtu mwenye presha, anayebanwa kifua au aliyekaa muda mrefu bila mazoezi asijaribu hili bila kumwona daktari. Kwetu Masaki ni tambarare, hivyo tulikwenda kwenye vilima vya Chuo Kikuu, Mlimani. Dakika 20 za kupasha mwili, kisha kupanda mara tatu, dakika tatu tatu, kushuka kwa kutembea. Mpando wa mwisho unakimbia kama umefukuzwa na mbwa. Nilivaa mkanda wa kifuani, kwa sababu unasoma umeme wa moyo wenyewe, wakati saa ya mkononi inamulika ngozi kwa taa ya kijani na kukisia kutokana na damu inavyopita. Mpando wa kwanza 181, wa pili 186, wa tatu 190. Nikakaa ukingoni mwa barabara, chai ya alfajiri ikitishia kurudi.

Tofauti ya 14 inaonekana ndogo mpaka uipeleke kwenye zoni. Mbio zangu za pole ni mapigo 145. Kwa 176, hiyo ni asilimia 82, zoni ya 4. Kwa 190 ni asilimia 76, zoni ya 3. Na programu ya simu ina chaguo jingine, la kuhesabu kuanzia mapigo ya kupumzika, ambayo kwangu ni 54, yaani asilimia inapimwa kwenye nafasi iliyopo kati ya 54 na 190. Ukichagua hilo, 145 inakuwa asilimia 67, zoni ya 2. Moyo ni ule ule, barabara ni ile ile, jasho ni lile lile la Dar. Mimi nimebaki na hili la tatu kwa sababu linakubaliana na pumzi yangu: naweza kupiga soga nikiwa zoni ya 2, na nikifika ya 4 najibu neno moja moja.

Sasa lawama. Sehemu ya kubadilisha namba imefichwa. Niliikuta ndani ya wasifu wangu, menyu ya nne kwenda chini. Nikaibadilisha kwenye simu, kumbe programu nyingine niliyoiunganisha ina kiwango chake yenyewe, ikaendelea kunipigia kelele za 176 wiki nzima. Mazoezi ya zamani nayo yamebaki na rangi zake za zamani, hivyo grafu yangu ya mwaka inaonyesha kama vile nilipona ghafla mwezi wa nne.

Kibaya zaidi ni ile huduma ya saa kujirekebishia yenyewe namba ya mapigo ya juu kabisa. Siku moja, mkanda wa saa ukiwa umelegea, nilikuwa nakimbia taratibu ikasoma 174. Nikasimama, nikaweka vidole shingoni: mapigo 36 kwa sekunde 15, yaani 144. Nikaanza tena kukimbia, safari hii nikahesabu mguu wa kulia kwa dakika moja. 87. Mara mbili ni 174! Saa ilikuwa inahesabu hatua zangu na kuziita moyo. Wiki iliyofuata, kwenye mbio za kasi, ikadaka 203 kwa mtindo huo huo na kuniandikia kuwa nimevunja rekodi. Nilirudisha 190 na kuizima huduma hiyo. Ukitumia mkanda wa kifuani unaweza kuiacha, lakini uloweshe kwanza, mkavu nao huruka ovyo dakika za mwanzo.

Tangu nirekebishe, ushauri wa kupumzika umekuwa wa kiutu, na makadirio ya VO2 max (kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia ukifanya mazoezi) yalipanda kutoka 36 hadi 40 bila mimi kuongeza hata hatua moja. Nilifurahi siku moja, kisha nikaona aibu kidogo.

Baba watoto, miaka 51, naye kanunua saa. Yake inasema 169, ila anatumia dawa ya presha ya kundi la beta-bloka, na dawa hizo hushusha mapigo. Hata akipanda ngazi kwa hasira hafiki 130. Alitaka tumpeleke Mlimani Jumamosi. Nimemkatalia, Jumanne anaonana na daktari wake, na saa ataivaa aende nayo.