Moteri ya kable au ya kompyuta? Mwaka mmoja na ushee juu ya Kivu

Nianze kwa kuungama: mimi ni fundi wa redio na simu, nina kibanda Nyawera, hapa Bukavu, na kutwa nzima nanusa moshi wa risasi ya kulehemu. Ndiyo maana shemeji yangu aliposikia nimefunga kwenye pirogi, mtumbwi wangu, moteri ya kuvulia inayogeuzwa kwa kable, alicheka hadi akakohoa. "Wewe mtu wa elektroniki, unavuta kamba kama mpiga kengele wa kanisa?" Ya kwake inageuzwa kwa umeme, ina GPS, na telekomande, yaani rimoti, anaining'iniza shingoni. Ya kwangu anaiita "ya mababu". Ya kwake mimi naiita "ya kompyuta".

Tuelewane kwanza. Zote mbili zinakula bateri, volti 12, na zote zinasukuma pauni 55, yaani kama kilo 25. Injini ya petroli ninayo nyuma, ya kunifikisha mbali, ingawa kwa mwinuko wetu huu wa mita 1,460 inapumua kama mzee anayepanda Kadutu na gunia. Hii ya mbele, puani, ni ya kuvulia tu: kunyatia kando ya miamba bila kelele. Tofauti iko kwenye usukani. Kwangu, pedali inavuta nyaya mbili za chuma zinazozungusha kichwa cha moteri. Kwake, pedali inatuma ishara tu, na kimoteri kingine kidogo ndicho kinachogeuza.

Sasa njoo ukae nami puani, mbele ya Birava, saa kumi na mbili asubuhi. Kuna mwamba umeinama juu ya maji, na chini yake tilapia. Nakanyaga kwa vidole, pua inakwenda kulia. Nakanyaga kwa kisigino, inarudi kushoto. Papo hapo. Macho yangu yako kwenye mshipi, sitazami chini hata mara moja, maana jinsi pedali ilivyolala ndivyo moteri ilivyoelekea. Unyayo wenyewe unajua. Upepo ukisukuma pirogi kuelekea jiwe, mguu umeshajibu kabla kichwa hakijawaza.

Ya shemeji nimeiendesha asubuhi nyingi. Unakanyaga, inafikiri kidogo, inasema ngrrr, ndipo inageuka. Ni nukta tu, lakini jiwe halingoji nukta. Halafu lazima uinue macho utazame kichwa kimeelekea wapi. Kwenye kona nyembamba nimegonga mwamba na pirogi yake mara mbili. Mara ya pili alininyang'anya pedali.

Lakini sitaki kumpunja haki yake. Ziwa letu lina tabia moja ambayo watengenezaji wa moteri hizi, nadhani, hawakuwaza. Kivu haina hewa ya kutosha chini. Ukipita mita sitini, sabini hivi, samaki haishi. Kwa hiyo tilapia wako pembezoni, kwenye kijikanda chembamba kando ya nchi kavu. Na hapo hapo ukingo unatumbukia ghafla. Unatupa nanga hatua chache kutoka kwenye mawe, kamba inakwisha, nanga inaning'inia kama ndoo kisimani. Nimekwisha poteza mbili, zimenasa kwenye nyufa.

Shemeji anabonyeza kitufe kimoja. GPS inashika mahali, moteri inajigeuza na kusukuma yenyewe, na pirogi inabaki pale pale, ikiyumba hatua mbili tatu. Yeye anafunga chambo kwa mikono miwili, anakula bugali yake na sambaza za kukaanga, ananitazama mimi ninayecheza pedali kama fundi cherehani. Kiangazi, Julai na Agosti, ule upepo wa kusini ukianza kuchapa, nimemwonea wivu wa wazi kabisa. Miezi hiyo ungeniuliza, ningekuambia nunua ya kompyuta, funga mjadala.

Basi ikaja Septemba. Kwanza kable yangu moja ilikatika. Ilikuwa imeanza kuchambuka nyuzi tangu siku nyingi, nami nikaiona nikapuuza, kosa langu. Nilirudi kwa kasia hadi Nguba. Kesho yake nikapita garaji moja, nikatoa dola nne, nikapewa kable ya breki ya mkono ya gari la zamani. Tukaikata, tukaikaza, jioni nikawa majini. Inageuka nzito kidogo upande wa kushoto hadi leo.

Wiki mbili baadaye maji yakaingia kwenye pedali ya shemeji. Akaniletea kibandani akitabasamu, si mimi ndiye fundi? Nikaifungua. Kadi nzima ya elektroniki imemwagiwa gundi nyeusi ngumu kama lami, ili maji yasiingie, na maji yameingia hata hivyo kupitia kwenye soketi. Huwezi kupima chochote, huwezi kuchomoa chochote. Nimefufua redio zilizoanguka mtoni Ruzizi, lakini ile ilinishinda. Pedali mpya iliagizwa kupitia Kigali, ikachukua wiki tano na dola 190 pamoja na usafiri. Bahati yake telekomande ilikuwa bado inafanya kazi, akawa anavua kwa vidole gumba.

Bateri nayo. Kwa nguvu zote moteri hizi zinavuta karibu ampea 50. Bateri ya risasi ya ampea-saa 100 usiikamue zaidi ya nusu, kwa hiyo ukikanyaga hadi mwisho una saa moja, basi. Mimi nakanyaga kidogo kidogo, napata asubuhi nzima. Ile ya kompyuta ikishikilia mahali siku ya upepo haipumziki, kwa hiyo shemeji anabeba bateri mbili, na kila moja ina uzito wa mtoto wa shule. Na usinunue bateri ya gari kwa sababu ni rahisi. Itakufa kabla ya Noeli.

Kwangu inabaki ya kable. Navua nikitembea, kando ya mawe, na nikiharibikiwa najitengeneza. Anayevua amesimama mahali pamoja, mishipi miwili mitatu, na mfukoni ana akiba ya kungojea kipuri, achukue ya shemeji bila aibu.

Ila wote wawili tulikosea jambo moja, na hilo halihusu usukani. Pua za pirogi zetu ziko juu. Tulinunua moteri zenye mhimili, ule mti unaoshuka majini, wa inchi 45, kama sentimita 114, na wimbi likija panga za moteri zinatoka majini, zinapiga hewa, zinalia kama mashine ya kusaga. Kabla hujalipa, chukua mita, pima kutoka ukingo wa pua hadi kwenye maji pirogi ikiwa na watu ndani, kisha hakikisha panga zitazama sentimita 30 au zaidi. Muuzaji akikuambia saizi zote ni sawa, mwachie.