Lenzi ya Canon 10-18mm kwa picha za majengo Mwanza, uzoefu wangu

Wadau mnaopenda kupiga majengo mkisafiri, kama unajiuliza lenzi pana ina faida gani kuibeba, mi natumia hii Canon EF-S 10-18mm (ni kwa zile kamera zao za sensa ndogo, APS-C), nilichukua iliyotumika kwa laki nne na nusu na nimezunguka nayo Mwanza vizuri tu. Ibebe, ila inataka usogee karibu na kitu.

Kwanza nyepesi, gramu 240, na kule Mabatini na Bugarika ni kupanda kweli kweli, bodaboda inakuacha chini, zilizobaki ni ngazi na vichochoro.

Mjini pale Makoroboi kuna hekalu la Wahindu, huwezi kurudi nyuma maana nyuma yako kuna meza ya mtu ya viatu, sasa ukiweka 10mm (pale inapoona pana zaidi) linaingia lote mpaka kileleni. Shida ya lenzi pana ni kwamba ukiinua kamera juu tu kuta zinaegemeana, jengo linaonekana kama linaanguka kinyumenyume. Dawa yake kamera ikae sawa, washa gridi (ile mistari ya kwenye skrini), kubali barabara ijae chini afu utaikata baadae. Ila Mwanza ina dawa nzuri zaidi, mawe! Unapanda jiwe mpaka unakua usawa wa ghorofa ya pili ya jengo la mbele yako, huna haja ya kuinua kamera na mistari yote inasimama wima. Dar ningekua naomba kupanda paa la mtu.

Nyumba za mlimani ndo zimenimaliza kabisa. Kuna moja tofali zimechongwa kufuata tumbo la jiwe, yani jiwe lenyewe ndo ukuta wa nyuma, na kamba ya nguo imefungwa kwenye msumari uliogongwa ndani ya ufa. Nikamsalimia mwenye nyumba, shikamoo mama, naomba kupiga picha nyumba yako, akasema marahaba mwanangu piga, ngoja nianue nguo kwanza. Nikamwomba aziache, zile kanga ndo zilikua rangi pekee kwenye ule ukijivu wote. Nimechuchumaa karibu kabisa na jiwe kwa 10mm, limejaa nusu ya fremu na nyumba imekaa juu yake, sina picha ya jengo ninayoipenda kama hiyo.

Kwa mbali sasa hapana. Ukiwa Capri Point ukitaka milima yenye nyumba inakua midogo mno, hata Daraja la JP Magufuli la Kigongo-Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, ukilipiga toka ufukweni linakua uzi. Nilisogea nikaweka 18mm (mwisho wake wa kuvuta), nikachukua nguzo chache tu na zile kebo zake, ikatoka. Uliza walinzi kwanza maeneo kama hayo.

Jioni pia ni shida, tundu lake la mwanga ni dogo, f/4.5, na ukivuta linazidi kua dogo, f/5.6, kwahiyo jua likishazama saa moja hivi beba stendi, japo ile IS (kizuia mtikisiko cha lenzi) inasaidia sana kwa kitu kisichotembea.

Safari ijayo naongeza 55-250mm, lenzi ya kuvuta vitu vya mbali, kwa ajili ya ile milima, hii siuzi.