Steshenari iliyonikatia Plotinus karibu na kilele: uzoefu wangu

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo anayetaka maoni yaliyopoa asubiri. Miezi kadhaa iliyopita niliipa steshenari moja ya hapa Dodoma mjini kazi ya kunichapishia Enneads, mkusanyo wa risala za mwanafalsafa wa kale Plotinus, katika tafsiri ya Kiingereza ya Stephen MacKenna iliyotoka kati ya mwaka 1917 na 1930. Mimi ni mhasibu katika ofisi moja kule Mtumba, na muda pekee ninaoweza kuuita wangu ni ule wa kwenye daladala. Kusoma kwenye simu hakuwezekani, maana simu hiyohiyo ndiyo bosi anayonitafutia kwayo taarifa ya robo mwaka.

Plotinus, aliyefariki mwaka 270, anamfaa sana mtu wa namna hii. Mwanafunzi wake Porphyry anasimulia kwamba alipokatizwa na mazungumzo katikati ya kuandika aliweza kujibu, kisha akaendelea pale alipoachia bila kurudia kusoma alichokwisha kuandika. Tena alikuwa mlezi wa mayatima na akizikagua hesabu zao kwa makini, kwa hoja kwamba maadamu hawajawa wanafalsafa, mali yao haina budi kubaki salama. Hapo nilicheka peke yangu hadi konda akanigeukia.

Porphyry huyo ndiye aliyezipanga risala 54 za mwalimu wake katika mafungu sita ya risala tisa tisa, akianza na maadili ya mwanadamu na kumalizia na risala ya Wema, yaani Mmoja, chanzo cha vitu vyote kwa Plotinus, ambako mafungu yote yanaelekea. Nilipanda kwa taabu, jioni nyingine nikisinzia, mpaka nikaimaliza risala ya nane ya fungu la sita. Nikafunua ukurasa, nikakutana na jalada jeusi la plastiki. Risala ya tisa haikuwemo, ingawa kwenye flashi imo yote.

Niliwarudia. Kijana wa kaunta hakuinua uso kwenye simu yake, na shikamoo sikuipata. "Mzee, hizo za mwisho si marejeo tu?" Nikamweleza kwamba ndizo nilizokuwa nikizifuata muda wote. "Kwani una mtihani?" Kisha akaniambia nilipie upya, kwa kuwa siku ile karatasi ziliwaishia.

Swali la mtihani lilinichoma kuliko hela. Katika mji huu wenye vyuo, steshenari zinaishi kwa tasnifu na ripoti, na kitabu kisichosubiriwa na msimamizi yeyote kwao ni makaratasi tu.

Kusema haki, kazi yenyewe ni nzuri: herufi ni kubwa, spairo inalala vizuri mapajani, kila fungu lina juzuu yake, na bei haikuniumiza. Bila wao nisingelifikia hata fungu la pili, na nilikusudia kuwasifu. La, siwasifu. Mhasibu akiwasilisha mizania isiyo na jumla ataandikiwa barua ya kujieleza, lakini hawa wanadai malipo ya pili.

Risala ya tisa nimeichapisha kwingine, kwa herufi ndogo zisizosomeka gari likitembea. Kwa hiyo huenda nikawapelekea tena faili wale wa kwanza, nisimame kaunta mpaka ukurasa wa mwisho utoke, na kijana yule asiniulize kitu.